Grasiela Chumbani kwa Bibi

Mwezi uliopita nilicheka msibani. Sisemi nilitabasamu, nilicheka mpaka mabega yakatikisika na shela ikanianguka, siku ya mwisho ya msiba, katikati ya wanawake wazima wenye misahafu mikononi. Aliyekufa ni Bi Salha, jirani yetu wa zamani, na tulikuwa nyumbani kwa mwanawe hapa Maskati, huko Bawshar, kwenye ukumbi mkubwa wenye ubaridi wa kugandisha nyama. Asya, binti ami yangu, ambaye hatukuwa tumeonana uso kwa uso tangu alipoolewa akenda kuishi nje, alikuja akajibana ubavuni mwangu, akanipa mkono wa pole kama inavyotakiwa, kisha akaniinamia sikioni na kunambia kwa Kiarabu kile cha vitabuni, kwa sauti nzito ya kiume: "Ewe Grasiela, hatima imetutenganisha, lakini moyo haukusahau." Basi hapo nikashindwa. Mke wa mwanawe Bi Salha alinitupia jicho kali. Nikajifuta machozi kwa ncha ya shela, na nadhani wengi waliyachukulia kuwa ya msiba. Mungu amrehemu Bi Salha, angekuwepo angecheka kutushinda sote.

Garini, wakati wa kurudi, binti yangu Maryam aliniuliza huyo Grasiela ni nani. Aliuliza bila ya kunitazama, kwa sababu alikuwa na kidude kimoja sikioni na simu mapajani, anaangalia tamthilia zake za Kikorea. Maryam hajawahi kufika Korea, hana mwalimu wa Kikorea, na juzi pale Ruwi, tulipokwenda kutafuta kitambaa, nilimsikia akisema kwa lugha yao na mteja mmoja wa Kikorea aliyepotea njia, mpaka yule bibi wa watu akamshika mikono yote miwili kwa furaha. Dada yangu kila akija huniambia nimnyang'anye mtoto simu kabla hajaharibika. Mie humsikiliza dada yangu, nikamtilia chai, nikamwitikia ndiyo, na simu simnyang'anyi. Nna sababu zangu. Nilizipata chumbani kwa Bibi, mama yake Baba, mwaka nilipokuwa na miaka kumi na sita.

Nani katika sisi wasema Kiswahili alikuja Maskati lini, kwa njia gani na kwa nini, hayo yameshaelezwa na watu wenye subira kuliko mie. Mie nataka kuingia kile chumba tu. Tulikuwa tukikaa Khuwair ya Kusini, na chumba cha Bibi kilikuwa kizuri kuliko vyote nyumbani: zulia jekundu, mito ya kuegemea ukutani, kitanda kirefu ambacho hatukuruhusiwa kukikalia, na kiyoyozi cha dirishani kilichokuwa kikinguruma mpaka ukitaka kusema neno lazima upandishe sauti. Kulikuwa na harufu ya udi, na chini yake harufu ya mafuta ya karafuu aliyokuwa akijichulia magoti. Televisheni ilikuwa juu ya kabati fupi, imefunikwa kanga. Bibi alisema kanga ni ya kuzuia vumbi, lakini siku moja alinambia kweli: hakupenda wale watu wa ndani wawe wanatuangalia wakati sisi hatuwaangalii.

Nyumbani tulisema Kiswahili asubuhi mpaka jioni. Kiarabu kilikuwa cha skuli, na skuli ndiko nilikokuwa nikiteseka. Kusoma nilijua, kuandika nilijikokota, lakini nikifungua mdomo darasa zima linageuka. Kiswahili hakina habari ya kike na kiume, basi mie nilikuwa namsemesha mwalimu wetu, mwanamke mzima mwenye watoto wake, kama namsemesha mwanamume. Wasichana walikuwa wakizama chini ya madawati kwa kucheka. Kufika katikati ya mwaka nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Nikiulizwa, natazama meza. Baba aliona alama zangu, akasema kwa mwendo huu hakuna chuo kitakachonitaka.

Ndo ikaja ile tamthilia. Ilikuwa ya huko Meksiko, ikioneshwa kila siku baada ya Alasiri, na waliotia maneno hawakutia Kiarabu cha mitaani. Walitia Kiarabu fasaha, kile cha khutba ya Ijumaa. Basi unaona wanawake wenye nywele za kumwagika mabegani na wanaume wenye vifungo wazi, na vinywani mwao yanatoka maneno ya mimbari. Bibi macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, haoni ila mwanga na vivuli, na Kiarabu chake kilikuwa cha sala na cha salamu. Siku za mwanzo aliposikia lugha ile aliamini ni mawaidha. Alikuwa akivuta mtandio kichwani, anakaa kwa adabu, na sisi tukiingia kwa kelele anatunyamazisha, tumwache Shekhe asome. Siku kadha zilipita hivyo. Mwishowe akanambia nikae karibu nimfasirie, apate faida.

"Nambie, huyu Shekhe anasemaje?"

"Si Shekhe, Bibi. Ni bwana mmoja anamwambia mke wa mtu kuwa anampenda."

 Mtandio wa Bibi uliteremka polepole mpaka mabegani. Nikajua sasa televisheni itazimwa na kanga itarudi, na pengine mie nitaoshwa mdomo kwa maneno hayo. Kisha Bibi akajivuta mbele kidogo, akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeulizia habari za jirani: "Mke wa nani?"

Kuanzia siku ile nilipata kazi. Yule mke wa mtu alikuwa ndiye Grasiela, aliyeozwa kwa nguvu kwa mzee mwenye mashamba, na anayempenda alikuwa Leandro, ambaye baadaye alifukuzwa akenda mbali. Adui wao alikuwa wifi wa Grasiela, mwanamke wa hila aliyekuwa hali wala halali ila kwa fitina. Mwanzo nilikuwa nababaisha. Neno nisilolijua naliruka. Lakini Bibi hakuwa mtu wa kurukiwa. Akihisi nimefupisha ananigonga goti kwa kidole. Nikimwambia Grasiela kakasirika, anataka kujua kakasirika vipi, hasira za kurusha vyombo au hasira za kununa. Anataka rangi ya gauni. Anataka kujua pazia limefungwa au liko wazi, mezani wamewekewa nini, na kama kile chakula wamekila au wamekiwacha kipoe, maana kuwacha chakula kipoe ni dalili. Basi nikaanza kwenda skuli na maneno niliyoyaandika kiganjani, namvizia mwalimu wakati wa mapumziko nimuulize maana yake: usaliti, majuto, kiapo, hatima. Mwalimu alikuwa akinijibu, lakini akinitazama sana.

Habari zikatoka nje. Bi Salha akaanza kuja kila Alasiri na sahani ya vitumbua chini ya kawa. Macho yake yalikuwa mazima, lakini Kiarabu hana, na ilikuwa inamuuma kuona midomo inakwenda asijue kitu. Asya akawa anakaa mlangoni, kazi yake chai. Wakaja na wengine. Chai ya maziwa yenye hiliki, kachori, mkate wa ufuta, tende kwa wenye sukari wasiokubali kuwa wana sukari. Mie nakaa katikati, mgongo kwa kitanda, nasema. Nikajifunza kuibadili sauti yangu, mara mzee, mara kijana, mara mwenye homa. Bi Salha alikuwa akimpa Grasiela nasaha kwa sauti kubwa, asile kile, asimwamini wifi, afunge mlango. Na pale watu walipokaribiana sana televisheni ilikuwa inakata. Wamo uso kwa uso, mara unaona farasi anakunywa maji. Bibi anauliza kimetokea nini, nami namjibu wamekata, Bibi. Anauliza wamekata nini. Hapo wanawake wote wanaziinamia chai zao, na Bi Salha anajibu kwa niaba yangu kuwa farasi alikuwa na kiu.

Leo kazi yangu ni kukaa ndani ya kibanda cha vioo nyuma ya mikutano ya wakubwa, nikiwatia watu masikioni maneno ya wenzao. Wanaoanza kazi huniuliza nilisomea wapi. Nawatajia chuo, kwa sababu jibu lenyewe hasa linataka chai na muda. Lakini mpaka leo, mtu akifupisha maneno ya mwenziwe mbele yangu, goti langu linahisi kidole.

Baba hakuipenda tamthilia hata kidogo. Alikuwa akirudi kazini anakuta viatu vya kike vimejaa mlangoni na sauti za vilio ndani. Tena mimi na Asya tulikuwa tumeshaingiwa. Tukigombana jikoni tunagombana kwa Kiarabu cha Grasiela, ewe mwovu uliyekula kachori yangu, utajibu nini mbele ya dhamiri yako. Siku moja tunakula, Baba akanambia nimsogezee achari. Bila ya kufikiri nikamwambia kwa kile Kiarabu kuwa amri yake ni taji juu ya kichwa changu. Baba alirudisha tonge sahanini. Alisema mwaka huu wa mtihani mtoto anafundishwa mapenzi ya makafiri, mwisho atakuja kutoroka na mtu wa farasi, na kabla ya Ijumaa televisheni itatoka. Bibi, bila ya kupandisha sauti, akamwambia ikitoka na yeye atatoka nayo, wawekwe pamoja garini. Ijumaa ikaja ikapita.

Kilichomnyamazisha Baba khasa ni karatasi ya insha. Mwalimu alikuwa ametupa kichwa cha maneno cha kawaida, ziara kwa mgonjwa, nami nilimlaza mgonjwa wangu kwenye kasri, nikampa wifi mwenye hila na kiapo kitandani. Mwalimu alilisomea darasa zima, hakuna aliyecheka pasipotakiwa kuchekwa. Kisha akaniita mbele, na nilipomjibu, nilimjibu kama mwanamke anavyojibiwa, kila neno mahala pake. Sikujua nimejifunza lini. Miezi yote ile Leandro akimsemesha Grasiela mbele ya masikio yangu, na neno la kike lilikuwa limeshakaa mdomoni bila ya mtu kunifundisha. Mwalimu aliuliza nani ananisomesha nyumbani. Nikasema Bibi. Baba aliisoma ile insha amesimama, alipofika kwenye kiapo akacheka kwa pua, akaikunja akaitia mfukoni. Hakuitaja televisheni tena.

Lakini lilikuwepo jambo lililomnyima Baba usingizi zaidi kuliko Grasiela, nalo ni macho ya mama yake. Daktari alikuwa ameshasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na asipofanyiwa operesheni hata hivyo vivuli vitaondoka. Bibi hataki. Hakutoa sababu, akiulizwa anasema Mungu ndiye mwenye kujua, na mbele yake Mungu huna la kubishana. Baba alibembeleza, akaleta ami zangu wakabembeleza, akapanga siku hospitali na siku ikifika Bibi ana kizunguzungu. Mwishowe siku moja aliyatoa maneno yaliyonichoma. "Mie macho nnayo," alisema, akaniwekea mkono kichwani. "Haya hapa. Yananambia mpaka rangi ya pazia."

Baba alinitazama, na mie nikamtazama Baba, na sote wawili tulielewa. Kadiri nilivyosema vizuri ndivyo Bibi alivyoridhika na kiza chake. Nilikuwa najionea fahari, kumbe ndo mimi niliyekuwa namtilia mto mgongoni. Wiki ile kila nikikaa nilikuwa nataka kunyamaza, lakini kidole kinagonga goti, nasema. Niliogopa asubuhi moja ataamka haoni hata taa, na yote kwa sababu ya ulimi wangu. Niliogopa vilevile, na hili sikumwambia mtu, kuwa akiona hatanihitaji tena.

Kilichotokea hakikupangwa na yeyote. Leandro alirudi. Tulikuwa tumemsubiri muda mrefu, chumba kimejaa mpaka Asya kakalia kizingiti. Grasiela anafua uani, ananyanyua kichwa, anamuona kasimama langoni na vumbi la safari. Nami nimeshavuta pumzi kwa maneno yatakayokuja. Hayakuja. Wale wawili walitazamana tu, na muziki mdogo, na hawakusema kitu. Bibi akanigonga goti.

"Anasemaje?"

"Hasemi kitu, Bibi. Wanatazamana."

"Wanatazamanaje?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na usaliti, majuto, kiapo na hatima, kwa lugha mbili, na hakuna hata moja lililofaa. Nikasema tu, wanatazamana, Bibi. Bi Salha alikuwa ameshaanza kulia, na mwenziwe, na Asya mlangoni, chumba kizima kinavuta kamasi, na Bibi peke yake amekaa katikati yetu anageuza kichwa huku na huku akiuliza kuna nini, kuna nini, mbona mnalia, nani kafa.  Nilimshika mkono. Iliniuma kuliko nilivyowahi kuumwa na chochote cha utotoni, kuona watu wote wamo ndani na yeye kafungiwa nje. Ilipokwisha, wageni wakaondoka kimyakimya, na Bibi akaniamuru nimwitie baba yangu. Alimwambia ampeleke hospitali, na kuwa mtafsiri aende nao, la sivyo haendi.

Daktari alikuwa Mmisri, mtu wa makamo mwenye kitambi na miwani. Kiarabu cha Maskati nilikuwa sikijui vizuri, cha Kimisri ndo kabisa, basi nilisimama mbele ya meza yake na sare yangu ya skuli, nikasema kwa kile kimoja nilichokuwa nacho: "Ewe tabibu mtukufu, nakuapia kwa Mola, usinifiche ukweli. Je, yapo matumaini?" Baba alijishika paji la uso. Daktari alivua miwani, akanyanyuka, akaweka mkono kifuani, akanijibu kwa Kiarabu kilekile kuwa ewe binti mwema, matumaini yapo, nayo ni makubwa. Kumbe na kwake mkewe alikuwa haongei na mtu wakati wa Grasiela. Nesi wa Kihindi alitutazama sote kama tumepandwa na kitu.

Hapo Bibi akaniambia nimuulize daktari lile lililokuwa limemkaa moyoni muda wote: kama ni kweli jicho linatolewa, linaoshwa, kisha linarudishwa, na kama wanaweza kukosea wakarudisha la mtu mwengine. Hicho ndicho alichokuwa akikiogopa. Baba aligeuka dirishani, na sijui alikuwa anacheka au analia. Daktari hakucheka. Alichora jicho kwenye karatasi, akaniongoza hatua kwa hatua, nami nikamweleza Bibi kila kitu, na safari hii sikuruka neno. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza la pili: "Muulize, nikishatoka hapa, nitawaona watu wakinyamaza?"

Nilimtafsiria hivyohivyo. Daktari aliuliza ana maana gani, nikamwambia ndivyo alivyosema. Akafikiri kidogo, akajibu: "Mwambie, inshallah, hata wakinyamaza."

Walimfanya jicho moja kwanza. Siku ya kutoa bandeji tulikuwepo mie na Baba. Bibi alipepesa, akatoa machozi, akautazama mwanga wa dirisha, akamtazama mwanawe na ndevu zake zilizoingia mvi bila ya yeye kujua, akamshika shavu. Kisha akageuka kwangu. Mara ya mwisho aliyoniona vizuri nilikuwa mtoto mdogo. Alinishika kidevu, akanigeuza kulia, akanigeuza kushoto, na mie nimesimama kama niko mtihanini.

"Mbona hukunambia una chunusi?" akasema. Alivyosema ni kama mtu aliyekuta mtafsiri wake kamfichia jambo kubwa. Nilicheka, nikalia, nikamwangukia mapajani pale pale hospitalini.

Tulirudi nyumbani tukawahi siku ya mwisho ya tamthilia. Chumba kilijaa watu ambao hata sikuwajua. Nadhani nusu walikuja kumwangalia Bibi, si Grasiela. Bi Salha alimkalisha mbele, akampangusia kioo cha televisheni kwa kanga. Mie nikajitia nyuma, karibu na Asya, nikijiambia ni vizuri, ndivyo ilivyotakiwa, kazi yangu imekwisha. Muziki ukaanza. Leandro akatokea akiwa na suti nyeupe, tayari kwa harusi yake na Grasiela, ambaye sasa ni mjane, na watu wote chumbani waliacha kumtazama Leandro wakamtazama Bibi.

Bibi alijivuta mbele. Alimkagua juu mpaka chini, hakuharakisha. "Huyu ndo yeye?" akauliza. Tukamwambia ndo yeye. Akaniita kwa jina langu, nipite baina ya watu, nikae nilipokuwa nikikaa. Nilipokaa aliniinamia, lakini Bibi kunong'ona hakujua, na chumba kizima kilisikia.

"Wako alikuwa mzuri zaidi," akasema.

Kisha akaegemea mto, akafumba macho yote mawili, lile la zamani na lile jipya, akangoja. Nami nikasema, kwa sauti kubwa kuliko ya televisheni, mpaka harusi ikaisha.